Nafasi ya Mwisho ya Akina Lowney

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba Con Lowney hakufa utotoni alikuwa mwanamke aliyekataa kuweka begi lake chini.

Nilimkuta kwa Shangazi Dymphna, kule juu Centerville, hapa Butte, Jumanne moja mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado inafika magotini. Nilikuwa napeleka jarida letu la ukoo, kama nifanyavyo kila baada ya miezi mitatu. Ni kurasa nne tu. Nalichapa mwenyewe katika chumba cha chini cha nyumba yangu na kulituma kwa kaya thelathini na saba za akina Lowney. Toleo lile lilikuwa na habari za mapacha wa mpwa wangu Gerard, goti jipya la binamu Loretta, na mashindano ya mkate wa magadi ya parokia, ambapo Shangazi alikuwa wa pili na kudai kwamba waamuzi walikuwa na mafua. Ukurasa wa mwisho huwa wa historia. Huo ndio ninaoufanyia kazi miezi yote mitatu.

Mgeni alikuwa ameketi karibu na jiko, kwenye kiti alichopenda marehemu baba yangu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nywele za mvi zimekatwa fupi. Begi la ngozi lilikuwa mapajani pake na mikono yote miwili juu yake, kama mtu aliyempakata paka asiyemwamini. Shangazi alinitambulisha bila kuinuka. Huyu ni Ita, akasema, katoka Michigan, kwenye migodi ya shaba ya zamani. Ni mjukuu wa Con, kaka yake babu yako.

Nikauliza Con yupi.

"Con Lowney wa Allihies," yule mwanamke akajibu. "Mwana wa Michael. Alizaliwa mwaka 1869."

Nikakoroga chai yangu. Con huyo nilimfahamu vizuri. Nilikuwa nimemzika miaka kumi na mitano iliyopita, katika ukurasa wa mwisho wa toleo la kumi na moja.

Nieleze kidogo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza lifti, miaka thelathini na mitano. Hakuna aliyenifundisha kusoma mwandiko wa mapadri wa zamani wala Kilatini chao. Nilijifunza mwenyewe, neno baada ya neno, jioni baada ya kazi. Tangu nianze nina kanuni moja: hakuna mtu anayeingia katika mti wa ukoo bila karatasi, na hakuna anayetoka bila karatasi. Con, mwana wa Michael Lowney, mchimba shaba, alibatizwa Allihies, kijiji cha migodi kule Cork tulikotoka, Februari 1869. Novemba 1872 akafa kwa homa ya koo. Cheti cha ubatizo ninacho, cha kifo ninacho. Mtoto wa miaka mitatu haachi wajukuu Michigan.

Mtu hahukumiwi kwa kikombe kimoja cha chai. Nilimwuliza tu atakaa muda gani. Akasema itategemea. Nikauliza itategemea nini. Akamtazama Shangazi, naye Shangazi akaniambia chai yangu inapoa.

Basi nikajua kuna jambo kati yao ambalo mimi sikutakiwa kulijua.

Tulizungumza karibu saa nzima. Ita alijua mengi, na hilo ndilo lililonisumbua. Alijua kwamba babu Murty alikuwa na sauti nzuri ya kuimba lakini aliimba akiwa amegeukia ukuta. Alijua kuhusu binamu aliyepoteza vidole viwili mgodini na kuviita kwa majina. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nimeyachapa. Kisha akasema baba yake alizoea kumsimulia nyumba ya zamani ya Allihies, yenye mlima nyuma yake na mlango wa buluu.

Hapo niliweka kikombe mezani.

Mlango wa buluu lilikuwa kosa langu mimi. Niliuandika miaka tisa iliyopita kwa kutegemea barua ya mtu aliyekwenda kutalii. Matoleo mawili baadaye nikasahihisha. Mlango ule ulipakwa buluu na wenyeji wapya baada ya vita. Enzi za watu wetu ulikuwa mweusi, umepakwa lami. Mtu aliyesimuliwa na baba yake, naye baba akasimuliwa na mzaliwa wa nyumba ile, angesema mweusi. Buluu ilitoka sehemu moja tu duniani, nayo ni chumba cha chini cha nyumba yangu.

Nilipomsimulia mke wangu Milka, hakushangaa. Yeye ni wa Waserbia wa hapa Butte, na ameishi nami miaka thelathini na minane akitusoma Waairishi kama mtu asomaye ratiba ya basi. Aliniuliza kama mgeni ameomba kitu. Nikasema bado. Akaniuliza kama ameiba kitu. Nikasema hapana.

"Sasa mzee, kosa lake ni nini? Amesoma jarida lako. Wewe si kila siku unalalamika kwamba halisomwi?"

Nikamwambia kwamba mtu hasomi habari za goti la Loretta kwa starehe.

Ijumaa nilipita makaburini. Huwa napita mara moja kwa mwezi wakati wa baridi kuondoa theluji juu ya jiwe letu. Eneo la akina Lowney lina nafasi nane. Saba zimejaa. Ya nane ni ya Shangazi Dymphna, na hilo halina mjadala katika ukoo. Ana miaka themanini na minane, hakuolewa, alimuuguza babu, akamuuguza bibi, akamuuguza baba yangu, na kila mara alipotoka kuzika alisema, "Vizuri, yangu ingalipo." Mahali pale palikuwa kitu pekee nilichowahi kumsikia akikiita chake.

Nilimwona Ita kabla hajaniona. Alikuwa amesimama kando ya jiwe letu, begi begani, akihesabu hatua. Nne kwenda upande huu, mbili upande ule. Akainama, akafuta theluji kwa glavu, akasoma majina yote saba kwa kidole. Kisha akapiga picha, si ya jiwe, bali ya kipande cha ardhi kisicho na mtu.

Nilibaki ndani ya gari. Sikutaka anione, na sikutaka kuonekana nikiwa mtu anayejificha ndani ya gari makaburini, lakini mambo hayo mawili hayakuwezekana kwa pamoja, basi nikachagua la kwanza. Alikaa pale dakika ishirini. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Ungeniuliza siku ile, ningesema alikuwa akikariri.

Niliteremka moja kwa moja hadi ofisi ya parokia. Bernice, karani, alikuwa na simu sikioni kama kawaida yake, akainua kidole nimngoje. Alipomaliza alisema afadhali nimekuja, kwani ile karatasi yetu inangoja sahihi yangu. Karatasi gani? Ya kutumia nafasi ile ya mwisho, akasema. Shangazi yangu alikuwa ameshatia sahihi Jumatano, lakini kanuni ya parokia inataka ndugu wawili. Nikaomba kuiona. Akasema iko kwenye droo ya padri, padri yuko Helena hadi Jumatatu, na ufunguo wa droo uko pamoja na padri. Simu ikalia tena.

Nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikijaribu kupanga mambo kwa utaratibu. Mwanamke mzima wa afya, mgeni kabisa, anakuja na jina la mtoto aliyekufa. Anajifunza ukoo wetu kutoka jaridani. Anamwita mzee wa watu shangazi siku ya kwanza. Siku moja tu baada ya mimi kumkuta, mzee amekwishasaini kuitoa nafasi aliyoingoja maisha yake yote. Sikuelewa anaitakia nini. Lakini katika lifti, mlango unaofunguka wenyewe huuachi kwa sababu hujaelewa. Unausimamisha kwanza, ndipo unatafuta sababu.

"Ninyi Waairishi," Milka akasema jioni ile, "mkikutana na mgeni mnaulizana makaburi kabla ya majina." Lakini hata yeye aliacha kutabasamu niliposema kuhusu sahihi. Aliniambia nizungumze na Shangazi peke yake kwanza, faraghani, kama mtu mwenye adabu. Ulikuwa ushauri mzuri. Sikuufuata, kwa sababu niliogopa Shangazi angenizuia.

Jumapili baada ya misa tulikula kwake, kama kawaida yetu. Mguu wa kondoo, kabichi, viazi, mkate wa magadi uliokuja wa pili. Ita alikaa mkabala nami, begi lake kwenye kiti cha pembeni, limesogezwa karibu na meza kama mtu wa tano. Nilingoja hadi vyombo viondolewe. Kisha nikatoa bahasha, nikaweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Nilisoma taratibu. Cha kwanza, ubatizo. Cha pili, kifo: Cornelius Lowney, yaani Con, wa kiume, miaka mitatu, mwana wa mchimba migodi, Allihies. Nikasema simshitaki mtu. Nasema tu kwamba Con aliyezaliwa 1869 hakufika Michigan, wala hakutimiza miaka minne. Nikataja mlango wa buluu. Nikataja hatua za makaburini. Nikasema nafasi ile ni ya Shangazi, na sahihi ya pili haitapatikana kwangu.

Ita alizitazama karatasi, kisha akaweka mkono juu ya begi lake kama unavyomwekea mtu mkono begani asiinuke. Uso wake ulikuwa umepauka. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyekamatwa.

"Asante kwa chakula, Shangazi," akasema. Akainuka, akavaa koti, akabeba begi kwa mikono miwili, akatoka. Tulisikia gari lake likihangaika kidogo kwenye theluji kabla ya kushuka kilima.

Milka alikuwa akitazama kitambaa cha meza. Shangazi alikunja kitambaa chake cha mkononi mara nne.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Begi lile unadhani lina nini?"

Nikasema sijui.

"Ni Jer, baba yake. Mwana wa Con. Amekufa Novemba, ameachwa majivu, na neno la mwisho aliloomba ni kulazwa na watu wake. Umekaa hapa, Emmet, umemsomea maiti kwamba baba yake hakuishi."

Shangazi hakuningoja nijibu. Alisimulia kama mtu anayesimulia jambo la jana. Con wa kwanza alikufa kwa homa ya koo, kweli. Lakini Con lilikuwa jina la baba yake mama yao, na jina la babu halikai nje ya nyumba. Alipozaliwa mwana mwingine alipewa lile lile. Con wa pili alipofika miaka kumi na sita alitaka Marekani, na Michigan hawakuwa wakishusha watoto shimoni, walitaka watu wazima. Akaenda kwa padri akaomba cheti cha ubatizo cha Con Lowney, mwana wa Michael. Padri akafungua kitabu, akaandika lile jina la kwanza aliloliona, la 1869. Kijana akapanda meli ana miaka ishirini na mmoja kwenye karatasi.

"Baba alikuwa akituchekesha nalo kila Krismasi," akasema. "Kaka yangu aliyekufa, kisha akaenda Marekani."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza lini? Huwa unakuja na karatasi, unanisomea, unakunywa chai, unaondoka."

Nikamkumbusha kwamba mti wa ukoo niliuchapa, na Con yumo, amekufa, na yeye Shangazi ndiye hupata nakala ya kwanza ya jarida.

"Mimi husoma habari za walio hai," akasema. "Na mapishi."

Nilimwuliza basi kwa nini walinificha habari ya majivu. Alisema ni yeye aliyemzuia Ita. Alimwambia mpe Emmet siku kumi, ni mtu mwema, lakini huwapokea watu kama anavyopokea vifurushi, mpaka atazame muhuri kwanza. Kuhusu nafasi yake, alisema mwana wa baba yake mkubwa ni kaka yake, kopo la majivu si jeneza, na yeye mwenyewe amepungua sana siku hizi, watatosha.

Kuna jambo zito kuliko hayo na lazima niliseme. Desturi ile ya majina niliijua. Ni ya watu wetu wote wa Cork, na nimewahi kuiandika mimi mwenyewe, safu mbili nzima, pamoja na mfano. Nilijua kwamba ukiona mtoto amekufa katika nyumba kama ile, unageuza ukurasa ili umtafute wa pili. Sikugeuza. Nilikuwa nimepata kifo, kifo kilikuwa na muhuri, nikaridhika.

Alasiri ile nilishuka chumba cha chini nikafungua picha za kitabu cha ubatizo cha Allihies. Mwaka 1873, hakuna. Mwaka 1874, mwezi wa Mei, mstari wa tatu kutoka chini, wino umekolea kuliko jirani zake: Cornelius, wazazi wale wale, msimamizi yule yule. Ilinichukua dakika arobaini. Kwa miaka kumi na mitano sikuwa nimezitoa.

Hata hapo, sitaficha, kuna sauti ndani yangu iliyosema hii inamthibitisha Con, haijamthibitisha Ita. Sauti hiyo imenisaidia mara nyingi, na siichukii. Lakini usiku ule nililala nikiwa nimechoka nayo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda moteli alikofikia. Alikuwa akifuta theluji kwenye kioo cha gari. Begi lilikuwa kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Nilimwonyesha picha ya ule mstari wa 1874. Aliusoma, akanirudishia.

"Nilikuwa najua kwamba babu alizaliwa," akasema.

Nikamwomba radhi. Akaendelea kufuta kioo, upande ambao ulikuwa umekwisha safi. Kisha akaniambia kama nina swali jingine niliulize sasa hivi, maana safari ni siku mbili na hataki kuanza kufikiria majibu akiwa njiani.

Ningesema sina. Lakini lilikuwepo, na angeliona usoni.

"Mlango wa buluu," nikasema.

Hapo alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa cha furaha. Akaniambia kuna mjane mmoja wa ukoo wetu aliyehamia Marquette, ambaye alikuwa akimpa baba yake nakala za jarida akishazimaliza. Jer alizisoma zote. Alizihifadhi katika sanduku la viatu, akawa anajua magoti ya watu asiowahi kuwaona. Siku alipofika kwenye mti wa ukoo akasoma kwamba baba yake alikufa akiwa na miaka mitatu. Alicheka siku mbili. Siku ya tatu akaacha kucheka. Ita alimsihi aandike barua. Akakataa, na akamwapisha yule mjane asimtaje.

"Alisema mtu aliyeandika kwa uhakika namna ile hangojei barua, anangojea shahidi. Na baba hakuwa na shahidi ila yeye mwenyewe."

"Na masahihisho ya mlango? Niliyachapa."

"Aliyaona. Aliupenda ule wa buluu."

Gari la takataka lilipita likapiga honi bila sababu. Nikamwomba twende pamoja parokiani.

"Ili uniulize mbele ya padri?"

"Ili nitie sahihi."

"Shangazi alisema nikupe siku kumi," akasema. "Hukungoja hata sita." Lakini aliingia ndani ya gari lake, na niliposhuka mtaani nilimwona kwenye kioo akinifuata, kwa mbali, kama mtu anayetaka nafasi ya kugeuza.

Padri alikuwa amerudi na ufunguo wake. Bernice alitoa karatasi. Palikuwa na sahihi ya Shangazi, herufi kubwa zilizolala, na chini yake mstari mtupu, na kando ya mstari neno "uhusiano." Nilikaa na kalamu kitambo. Bernice akauliza kama nimesahau jina langu. Nikaandika kwamba marehemu ni baba yangu mkubwa. Kisha nikatia sahihi.

Ita aliichukua karatasi kabla haijakauka. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Akasema mwaka wa kuzaliwa wa baba yake umekosewa, ni 1928, si 1926. Lilikuwa kosa la Shangazi. Bernice akasahihisha, Ita akaomba aandike herufi za mwanzo za jina lake kando ya sahihisho. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Mazishi yalipangwa Alhamisi, siku tatu kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Machi ardhi ya Butte ni chuma. Hanley, mtunza makaburi, alikuwa amefika alfajiri, akatandaza makaa ya moto juu ya theluji iliyokwanguliwa na kuyafunika kwa bati, kama wanavyofanya hapa kwa kila anayekufa wakati wa baridi. Alisema udongo utalainika ukipita muda wa saa tano. Nilimkuta Ita ameshafika, amesimama upande wa pili wa bati, mvuke ukipanda kati yetu.

Nilikuwa nimebeba pasti mbili, ile mikate ya wachimba migodi yenye nyama na viazi ndani, zikiwa bado moto kwenye karatasi. Alichukua moja bila kuniangalia. Tulikula tumesimama. Kisha, pole pole, alianza kunieleza habari za Jer. Alikuwa fundi wa saa. Alifuga njiwa. Alipiga filimbi ya bati vibaya mno, na kila mwaka kwenye gwaride la kwao aliombwa kwa heshima asiilete, na kila mwaka aliileta. Nilitaka kutoa daftari. Niliacha mikono yangu mfukoni.

"Haya usiyaandike," akasema.

"Sitayaandika."

Alinitazama muda mrefu, akipima kama jibu hilo lina mlango wa nyuma.

Milka alimleta Shangazi saa sita, amefungwa mablanketi mawili na kofia ya kijani. Hanley aliondoa bati, akakwangua makaa, akachoma ardhi kwa mtaimbo. Udongo ulikubali. Shangazi akanyoosha fimbo yake, akachora mstari pale anapotaka kopo likae, akasema wamsogeze Jer kidogo kushoto kwani yeye Shangazi hulala amejinyoosha. Hanley akasema, sawa, Bibi Dymphna, lakini kushoto mno ni kwa akina Shea. Shangazi akasema akina Shea hawajawahi kuzitumia nafasi zao vizuri hata walipokuwa hai.

Hanley aliinua sepetu. Ita akamzuia kwa mkono, akanigeukia mimi.

"Una hakika hapa ni kwetu?" akauliza. "Mpaka unaishia wapi? Una karatasi?"

Nilikuwa nayo. Nilifungua koti, nikatoa ramani ya eneo letu, ya mwaka 1911, yenye nafasi nane na vipimo vyake, nikampa. Aliikunjua kwenye upepo, akaisoma mstari kwa mstari, akalinganisha na jiwe, na mti, na njia. Kisha akaigeuza, kuona kama kuna kitu kimeandikwa nyuma.

Hanley aliuliza kama aendelee. Nikamwambia amngoje dada yangu amalize.